Mgongo wa Mwokota Korosho

*Shangazi, nina miaka 52, tuna shamba la korosho Newala. Mwaka wa pili sasa kiuno kinanisumbua, na msimu wa kuokota ndiyo balaa. Piksha haikuonyesha kitu. Binti yangu aliyeko Dar anasema nifanye yoga. Mume wangu anasema hiyo ni ibada ya Wahindu. Nifuate lipi? – Mama Korosho*

Pole sana, mama. Kwanza nijibu: unapungua mwili, unapata homa au jasho la usiku? TB nayo hushambulia uti wa mgongo. Mguu unapoteza nguvu? Unashindwa kubana mkojo, au umekufa ganzi sehemu za siri? Basi usingoje kesho. Nenda hospitali ya wilaya au teremka hadi ile ya Ndanda.

Kama hayo hayapo, binti hajakosea. Maumivu yakipita miezi 3 huitwa sugu, na mwaka 2017 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilishauri tiba ianze na mazoezi, yoga na kulegeza misuli kabla ya vidonge. Nafuu yake ni ya wastani, sikudanganyi. Lakini diclofenac ya kila siku inakula tumbo na figo.

Mzee naye ana hoja: yoga ilizaliwa India, ndani ya dini. Ila hapa hatusomi dua ya mtu. Iite kujinyoosha, nyumba itulie.

Usiku tandika mkeka. Piga magoti, viganja chini, kama unayepiga deki. Vuta pumzi tumbo likishuka. Itoe ukibinua mgongo kama paka aliyeona mbwa. Mara 8, polepole. Maumivu yakikimbilia mguuni, acha.

Kisha lala chali, miguu juu ya kigoda. Kaza vidole vya miguu, hesabu mpaka 5, achia. Panda hivyo hivyo: mapaja, makalio, tumbo, mabega, mpaka taya. Mgongo unaouma muda mrefu hujikaza kwa woga, na huko kujikaza nako kunauma. Mwambie binti arekodi maelekezo haya kwa sauti yake, akutumie kwa simu. Sauti ya mwanao itakulegeza kuliko ya mgeni.

Shambani usiiname kutwa. Okota ukiwa umepiga goti moja, na ndoo ikijaa simama, tembea. Kushinda kitandani nako hakuponyi.

Anza leo, dakika 15. Korosho zikianza kudondoka, niandikie tena.