Kabla Hujachemsha Majani Uliyotumiwa na Shangazi

1. Tazama vishale. Ujumbe wa WhatsApp wenye vishale viwili umesambazwa mara tano au zaidi kabla ya kukufikia. Shangazi hakuuandika, na aliyemtumia naye hakuuandika. Muulize kwa adabu: "Shikamoo shangazi, huyo daktari anaitwa nani, na yuko hospitali gani?" Mara nyingi utajibiwa kwa emoji ya viganja vilivyounganishwa.

2. Hesabu magonjwa. Presha, sukari, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume, vyote kwa kikombe kimoja? Hata mwarobaini, tiba zake arobaini zimeishia kwenye jina. Shuka hadi mwisho. Ukikuta namba ya simu ya kuagizia, ulikuwa unasoma tangazo.

3. Chunga ujumbe unaoanza na ukweli. Huo ndio unaowanasa hata wasomi. Chukua mfano wa mmea wa artemisia. Ni kweli artemisinini, chanzo cha kiungo kimoja cha dawa mseto ya malaria, hutoka kwenye mmea huo, na Tu Youyou wa China alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kuigundua. Mwandishi wa ujumbe anakufikisha hapo salama, kisha anaruka: basi kunywa chai ya majani yake! Lakini kiasi cha dawa kwenye majani hakitabiriki, na kikiwa kidogo vimelea hubaki mwilini. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono chai hiyo, si kwa kutibu malaria wala kwa kujikinga.

4. Ujumbe ukitaja asilimia, uliza: ya nini? Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa shirika hilohilo walisema kula gramu 50 za nyama ya kusindika kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Wengi wakasikia watu 18 katika 100. Sivyo. Ikiwa wangeugua 5 katika 100, sasa wataugua kama 6. Si jambo dogo, ila soseji moja ya sikukuu isikukoseshe usingizi.

5. "Utafiti umethibitisha." Kwa watu au kwa panya? Na mwaka gani?

6. Usiache dozi uliyopewa hospitali. Piga picha ya skrini ya ujumbe huo, uende nayo kliniki siku yako ikifika. Muuguzi hatakucheka, huenda naye shangazi yake kamtumia huohuo.