Kumfundisha Mtoto Kutafuta Namba Inayokosekana

Mtoto awe tayari anajumlisha na kutoa hadi 20. Andaa visoda 20 (vizibo vya chupa za soda), kikombe kimoja kisichoonyesha kilichomo, na chaki. "Kisanduku" humu ni mraba mtupu, □, unaoshika nafasi ya namba isiyojulikana.

1. Chora sakafuni mstari wima, na juu yake alama =. Weka visoda 7 kushoto na 7 kulia. Sema: "Huku ni sawa na huku." Usiseme "jibu ni". Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa: mtoto anayeiona = kama amri ya kuandika jibu, ukimpa 5 + □ = 9 hukuandikia 14, kwa kuwa amejumlisha kila namba aliyoiona. Usimkaripie, hakufundishwa maana ya alama. Hakiki: ondoa kisoda kimoja upande wowote, umuulize kama pande bado ni sawa. Asonge mbele akipatia mara 3 mfululizo, kila mara kwa idadi tofauti.

2. Ondoa visoda vyote. Mtoto akiwa amefumba macho, weka 9 kulia. Kushoto weka 5 wazi na 4 chini ya kikombe. Mwambie pande zote ni sawa.

3. Andika 5 + □ = 9. Mtoto aguse kila alama, kisha kitu chake: □ ni kikombe.

4. Toa kisoda kimoja kila upande kwa wakati mmoja, mpaka kushoto kibaki kikombe peke yake. Mtoto ahesabu vilivyobaki kulia na kutaja namba kabla ya kikombe kufunuliwa.

5. Funua kikombe, mhesabu. Mtoto aandike 4 ndani ya kisanduku, asome sentensi nzima: 5 + 4 = 9.

6. Rudia hatua ya 2 hadi ya 5, kikombe kikiwa upande wenye □, kwa □ + 3 = 8, kisha 10 = □ + 6, na mwisho 2 + 6 = □ + 3. Huu wa mwisho ndio mtihani wenyewe. Jibu ni 5. Akisema 8, rudi hatua ya 1.

7. Futa mstari kabla ya kuingia kwenye kutoa. Kwa 9 − □ = 4, panga visoda 9 mbele yake, afumbe macho, ufunike 5. Vinavyoonekana ni 4. Vilivyofunikwa ndivyo kisanduku. Athibitishe kwa kusoma 9 − 5 = 4.