Gari Likimlevya Mtu

Mwezi huu twataka kujifunza pamoja habari ya ugonjwa uhesabiwao kuwa mdogo, nao huwazuia wengi wasifike mahali pawapasapo kufika. Ndio kichefuchefu na kutapika safarini.

Mzee mmoja wa upande wa Oloipiri aliugua ngiri. Daktari akamwambia hana budi kwenda Karatu kupasuliwa. Mzee akakataa. Hakuogopa kisu, aliogopa gari. Mara moja tu alikuwa amepanda basi kwa njia ya Ngorongoro, akatapika tangu uwandani mpaka lango la Lodoare, na vijana wakamcheka. Mtu yule tangu utoto wake hutembea kutwa nyuma ya ng'ombe bila kuchoka. Akaona aibu kuangushwa na kiti.

Watu wa pwani husema juu ya mtu wa namna hii kwamba bahari imemlevya. Tena katika Zaburi ya 107 mabaharia waliopatwa na dhoruba wanafananishwa na walevi. Mfano huu wafaa sana, maana mwili hulewa pasipo pombe. Si udhaifu wa moyo, wala si uchawi, wala si uchafu wa tumbo.

Sababu yake ni hii. Ndani kabisa ya sikio mna mifereji mitatu midogo iliyopinda, nayo imejaa maji. Kichwa kikigeuka, maji yale husukumwa, na mishipa ya fahamu huupasha ubongo habari. Macho nayo hupeleka habari yao. Mtu atembeapo kwa miguu, mashahidi hawa wawili hupatana. Lakini aketipo ndani ya gari akiutazama mgongo wa kiti kilicho mbele yake, sikio lasema, "Tunapanda, tunapinda, tunatikisika," na jicho lasema, "Tumetulia." Ubongo upatapo ushuhuda wa namna mbili huvurugika. Ndipo huja miayo, mate mengi, jasho la baridi, kizunguzungu, na mwisho kutapika. Kwa sababu hiyo dereva halewi upesi, maana yeye huiona kona kabla haijafika. Na mtu ambaye viungo hivyo vya masikio yake yote mawili vimekufa, halewi hata baharini.

Basi dawa ya kwanza haitoki dukani wala shambani. Ni kuwapatanisha mashahidi wale wawili.

Kwanza, mahali pa kuketi. Alewaye na apewe kiti cha mbele, karibu na dirisha, akielekea mbele. Viti vya nyuma hurushwa zaidi. Na atazame mbali: barabara iliyo mbele, au mlima usiosogea, kama Makarot uonekanao kwa mbali mtu atokapo Serengeti. Asisome kitabu wala asitazame simu. Ikiwa ni usiku, au watu wamesongamana hata haoni nje, na afumbe macho na kukiegemeza kichwa kisitikisike.

Pili, chakula. Wengine hufunga wasile kitu, wakidhani tumbo tupu halina cha kutapika. Wengine hunywa maziwa mengi na kula nyama ya mafuta ili wapate nguvu za njia. Wote wawili hujidhuru. Yafaa kula kidogo, saa moja au mbili kabla ya safari: uji mwepesi, mkate mkavu, au kiazi kilichochemshwa. Pombe na tumbaku ziachwe.

Tatu, hewa. Dirisha lifunguliwe kidogo. Vumbi likizidi, mtu ajifunike pua kwa kitambaa chenye maji.

Nne, tangawizi. Haipandwi Oloipiri, bali hulimwa kwa wingi katika milima ya Upare, hasa Mamba Miamba wilayani Same, nayo hupatikana katika soko la Karatu. Nguvu yake imepimwa. Mwaka 1988 waganga wa Denmark walitangaza habari za wanafunzi 80 wa jeshi la majini waliojaribiwa katika bahari yenye mawimbi. Waliopewa gramu moja ya unga wa tangawizi walitapika kidogo kuliko wenzao, na jasho la baridi likapungua, lakini kichefuchefu chenyewe hakikuondoka kabisa. Kwa hiyo tusiisifu kupita kiasi. Kata kipande cha mzizi mbichi kama ncha ya kidole gumba, ukiponde, ukichemshe katika kikombe cha maji kwa dakika kumi, unywe nusu saa kabla ya kupanda gari. Chukua na vipande vidogo vya kutafuna njiani. Mwenye mimba, na atumiaye dawa za kuzuia damu isigande, wamwulize mganga kwanza. Harufu ya ndimu nayo huwaburudisha wengi. Haikupimwa kama tangawizi, walakini haidhuru.

Tano, kujiweka tayari. Ndani ya Serengeti na Ngorongoro msafiri hashuki popote apendapo, kwa ajili ya wanyama wakali. Na mifuko ya plastiki ya kubebea ilikatazwa nchini tangu Juni 1, 2019. Basi chukua kopo lenye kifuniko, kitambaa na maji. Aliyetapika asukutue, kisha anywe maji kidogo kidogo. Mtoto aliyetapika sana apewe lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, yenye vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, anywe kwa kijiko.

Lakini tuangalie sana: si kila kutapika ni kwa gari. Mtu akiendelea kutapika saa nyingi baada ya kushuka, au akiwa na homa, au kichwa kikimwuma sana, au akitapika damu, au kama aliumia kichwa, tangawizi si dawa yake. Apelekwe hospitali upesi.

Tena tusiwacheke walewao. Kicheko cha vijana wale kilikuwa karibu kumgharimu mzee uhai wake, kwa kuwa ngiri ikinyongwa huua. Mwanawe alimwendea kwa upole, akamwombea kiti karibu na dereva, akampikia tangawizi. Uwandani mzee aliutazama mlima, akatulia. Gari lilipopanda ukingo wa kreta, ulio juu ya meta 2,200, na kona zikazidi katika msitu na ukungu, alitapika mara moja ndani ya kopo lake. Hakuna aliyecheka. Alipasuliwa, akapona, akarudi kwa njia ile ile.

Maswali ya kujifunza:
1. Mashahidi wawili wa mwili ni nini, na kwa nini hawapatani garini?
2. Kwa nini dereva halewi upesi?
3. Ni dalili zipi zituonyeshazo kwamba kutapika si kwa safari?
4. Nani katika mtaa wetu aogopaye kwenda hospitali kwa ajili ya gari, nasi tutamsaidiaje?