Bustani ya Nyuma ya Nyumba
Somo kwa jamaa za nchi ya chai, Kericho na Bomet

Mtu apitaye katika njia itokayo Kericho kwenda Litein na Sotik, hata kufika Bomet, huona nchi yenye neema. Vilima vimevikwa chai kama zulia, mvua haikawii, na ng'ombe wa maziwa wako karibu kila boma. Lakini mgeni huyo akiingia katika nyumba moja saa za adhuhuri aweza kustaajabu. Mama wa nyumba hayupo. Amekwenda sokoni kununua fungu la sukuma wiki. Nyumba yake imezungukwa na majani mabichi pande zote, wala hapana hata jani moja la kutia chunguni. Chai imepandwa mpaka mlangoni, na chai haipikwi mboga.

Somo hili lahusu kipande kidogo cha ardhi ambacho jamaa nyingi zimekisahau, nacho ni bustani ya nyuma ya nyumba. Halisemi kwamba chai ni mbaya. Chai imejenga nyumba za mabati na kulipa karo za watoto. Ila fedha ya chai huja kwa siku zake, na tumbo la mtoto halina siku zake.

DESTURI YA ZAMANI

Bustani ya nyumbani si jambo lililoletwa na wageni. Wakipsigis, na ndugu zao Wanandi, walikuwa tangu zamani na shamba dogo karibu na nyumba liitwalo kabungut. Shamba kubwa la wimbi lilikuwa jambo la jamaa yote, lakini kabungut ilikuwa mikononi mwa mama. Yeye ndiye aliyepanda humo, yeye ndiye aliyevuna, na chakula chake kilikuwa cha chungu chake na watoto wake.

Kisha mambo yakabadilika. Katika miaka ya 1920 makampuni makubwa yalianza kupanda chai katika Kericho. Wakulima wadogo walikuja kuingia katika kazi hiyo baadaye, na mwaka 1964, baada ya uhuru, likaundwa shirika la KTDA la kusimamia chai yao. Tangu hapo kila jamaa ilitamani kuongeza miche. Mashamba yakagawanywa kwa wana na wajukuu, yakawa madogo, na mahali pa kwanza palipomezwa na chai palikuwa pale nyuma ya nyumba. Hapakuwa na mtu aliyetangaza kwamba kabungut imekwisha. Ilipungua safu moja leo, safu moja mwakani, mpaka ikatoweka.

MSIBA WA MAHINDI

Hatari ya kutegemea kitu kimoja ilionekana wazi katika Bomet mwaka 2011. Mwezi wa Septemba mwaka huo wakulima wa Longisa waliona jambo wasilolijua. Majani ya mahindi yalianza kuwa na madoa ya kimanjano, kisha yakakauka kutoka ukingoni. Mimea mingine ilikufa moyo ingali michanga. Mingine ilisimama mpaka ikazaa, lakini mkulima alipomenya gunzi alikuta punje chache zilizonyauka, au hakukuta kitu. Katika mashamba mengine mavuno yote yalipotea.

Wataalamu walipochunguza waligundua kwamba ni ugonjwa ujulikanao kwa herufi MLN, ambao haujapata kuonekana Kenya kabla ya hapo. Huletwa na virusi vya namna mbili vikutanapo katika mmea mmoja, navyo huchukuliwa na vidukari na wadudu wengine wadogo kutoka shamba hata shamba. Mwaka 2012 ugonjwa ulikuwa umekwisha kuenea katika wilaya nyingine, kisha ukavuka mipaka ya Kenya. Serikali ikawashauri wakulima wasipande mahindi mahali palipougua kwa muda wa misimu miwili au zaidi, bali wapande viazi, viazi vitamu, maharagwe, vitunguu na mboga. Tangu wakati huo mbegu zenye kuvumilia ugonjwa huo zimetolewa.

Katika shauri hilo la serikali mna fundisho. Vitu walivyoambiwa watu wakimbilie wakati wa msiba ndivyo vitu vya bustani ya nyumbani. Jamaa iliyokuwa navyo tayari haikuanza kutafuta mbegu katika siku ya njaa. Mwenye kuchimba kisima akiwa na kiu amechelewa.

UDONGO WA CHAI SI UDONGO WA MBOGA

Watu wengine hujaribu bustani mara moja, mboga zikatoka manjano na kudumaa, nao husema, "Hapa petu mboga hazikubali." Mara nyingi sababu ni udongo. Chai hupenda udongo mkali wenye asidi, na mvua nyingi ya Kericho pamoja na mbolea ya dukani itiwayo mwaka baada ya mwaka huzidisha ukali huo. Sukuma wiki, kabichi, vitunguu na maharagwe havipendi asidi nyingi. Kwa hiyo mahali palipong'olewa chai hapafai kupandwa mboga kesho yake bila kutengenezwa.

Dawa yake haiko mbali. Ya kwanza ni samadi iliyooza vizuri, ambayo kila mwenye ng'ombe anayo. Ya pili ni majivu ya kuni kutoka jikoni: konzi moja kwa kila hatua ya mraba, yachanganywe na udongo kabla ya kupanda. Ya tatu ni chokaa ya kilimo, kwa kipimo atakachotoa afisa wa kilimo baada ya udongo kupimwa. Lakini majivu yasitiwe mahali pa viazi vya kizungu, maana viazi hivyo huvumilia asidi, na majivu huweza kuvitia ukoko.

JINSI YA KUTENGENEZA BUSTANI

Mahali. Na pawe karibu na jiko, mama apate kuyaona majani akiwa katika kazi zake, na maji yaliyooshea mboga na vyombo yasiyo na sabuni nyingi yapate kumwagwa humo. Jua lifike angalau nusu ya siku. Hatua kumi kwa kumi zatosha kwa kuanzia. Asiye na nafasi hata hiyo aweza kujaza gunia udongo na samadi, akatoboa matundu ubavuni na kupanda miche humo.

Ua. Bustani isiyo na ua ni chakula cha kuku na mbuzi. Fito na miiba vyatosha.

Matuta. Udongo uchimbwe kwa kina cha jembe, samadi ichanganywe nao, na matuta yainuliwe kidogo ili maji ya masika ya Machi hadi Mei yasisimame juu ya mizizi. Penye mteremko matuta yakingame, yasifuate mteremko, mvua isije ikauchukua udongo na mbegu pamoja.

Mbegu. Sukuma wiki huoteshwa kwanza katika kitalu, na baada ya majuma manne au zaidi miche huhamishwa, jioni au siku ya mawingu, kwa nafasi ya sentimita 60 kati ya safu na 45 kati ya miche. Mgagani, ambao Wakipsigis huuita isagek, hupandwa papo hapo kwa mbegu, nao huanza kuchumwa baada ya majuma manne hadi sita. Maua yake yakikatwa mapema, majani huendelea kutoka kwa muda mrefu zaidi. Mnavu, yaani managu, na kunde pia zisikosekane. Miche michache iliyo bora iachwe izae mbegu, zikaushwe kivulini na kuwekwa katika kibuyu pamoja na majivu makavu. Mbegu hizo hazina gharama.

Mpango. Kosa la watu wengi ni kupanda kila kitu siku moja. Hapo mboga hujaa mpaka zikaozea bustanini, kisha huisha zote pamoja. Ni heri kupanda tuta moja dogo, na baada ya majuma matatu tuta jingine. Kutoka Desemba mpaka Februari mvua hupungua, na upande wa kusini wa Bomet jua huwa kali zaidi. Basi miezi hiyo matuta yafunikwe kwa nyasi kavu ili unyevu usitoke.

Juu na chini. Nchi ya Kericho ina sifa ya mvua ya mawe. Katika robo saa moja mawe huweza kuchanachana kila jani, la chai na la mboga. Kwa sababu hiyo bustani yenye busara ina chakula cha namna mbili: kile cha juu ya ardhi, kama sukuma wiki na mnavu, na kile cha chini, kama viazi vitamu, karoti na nduma. Mawe yakiharibu cha juu, cha chini kingalipo, nao fuko akila cha chini, cha juu kingalipo.

Dawa. Bomba lililotumika kunyunyiza dawa ya kuua magugu katika chai lisitiwe kamwe dawa ya mboga. Masalio yake huua mimea, tena si salama kwa walaji.

CHAKULA MEZANI

Kupanda ni nusu ya kazi. Nusu ya pili iko jikoni. Majani mabichi yenye rangi nzito yana vitamini A, ambayo hulinda macho na kumpa mtoto nguvu za kushindana na maradhi. Vitamini hiyo huhitaji mafuta kidogo ili mwili uipokee, na ndiyo maana desturi ya wazee ya kupika isagek kwa maziwa au malai ni desturi njema. Maziwa hayo hupunguza uchungu, tena huongeza lishe. Mboga laini kama sukuma wiki zisichemshwe mpaka zikawa nyeusi, wala maji yake yasimwagwe.

Liko jambo jingine ambalo watu wa nchi ya chai yawapasa kulijua kuliko wengine wote. Majani mabichi na maharagwe yana madini ya chuma, ambayo hujenga damu. Lakini chai inywewapo pamoja na chakula huyashika madini hayo, na mwili hupata kidogo tu. Mama mjamzito na mtoto mdogo ndio wadhurikao zaidi, kwa kuwa wao ndio wenye haja kubwa ya damu. Chai haina haja ya kukatazwa. Itengwe tu na chakula kwa muda wa saa moja au mbili. Mezani na pawe na nyanya, chungwa au matunda ya pasheni, ambayo huusaidia mwili kuyapokea madini hayo. Naye mtoto asiyetimiza miezi sita hahitaji chai wala uji. Maziwa ya mama yamtosha.

KAZI YA BABA, YA MAMA NA YA WATOTO

Ugumu mkubwa wa bustani si udongo, ni mapatano ya nyumbani. Baba akitazama hatua kumi kwa kumi huweza kusema, "Mama watoto, hapa pangeingia miche ya chai kama mia." Mama ana haki ya kumjibu kwa upole, "Ni kweli, Baba watoto, lakini chai hiyo hulipwa mwisho wa mwezi, na bonasi yake ni mara moja kwa mwaka. Hawa wanakula jioni hii." Neno hilo si la ukaidi, ni hesabu. Baba na aandike katika daftari, kwa mwezi mmoja, kila shilingi itokayo kununua mboga, vitunguu na nyanya, halafu alinganishe jumla yake na malipo ya miche ile mia. Baba wengi watastaajabu.

Wakiisha kupatana, kazi igawanywe. Baba na wavulana wakubwa wachimbe na kujenga ua. Mama achague mbegu na kuamua kitakachopandwa, kama ilivyokuwa katika kabungut ya zamani. Watoto wapewe tuta lao wenyewe, hata likiwa na upana wa hatua moja, walinyweshe watokapo shule. Mtoto aliyepanda karoti kwa mkono wake hahitaji kubembelezwa aile.

Mboga zikizidi, ziuzwe, na fedha yake ikae kwa mama, kwa chumvi, sabuni na daftari za shule. Mapato ya bustani yakichukuliwa kila mara na mtu mwingine, moyo wa mwenye kulima hupoa, na magugu hurudi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI AU KATIKA CHAMA CHA AKINA MAMA

1. Mahindi yakishindwa mwaka huu, jamaa yetu itakula nini katika mwezi wa kwanza?
2. Ni fedha ngapi hutumika kila juma kununua mboga ambazo zingeweza kuota nyumbani?
3. Kwa nini mboga huwa manjano mahali palipokuwa na chai, na dawa yake ni nini?
4. Ni vyakula gani katika bustani yetu vitakavyobaki baada ya mvua ya mawe?
5. Chai hunywewa saa ngapi nyumbani kwetu, na chakula huliwa saa ngapi?

Jamaa itakayoyajibu maswali haya pamoja, baba na mama wakiketi mahali pamoja, imekwisha kuanza kazi. Iliyobaki ni jembe. Haba na haba hujaza kibaba, na tuta moja lililopandwa juma hili lashinda bustani kubwa iliyomo katika maneno.