MAONYESHO YA DUNIA: MJI UNAPOPOKEA WAGENI WA MATAIFA YOTE

Mtu wa Gachoka akisikia neno maonyesho, huona mara moja mawazoni mwake uwanja wenye mabanda, mafahali walioogeshwa wakang'aa, ndengu, kunde na mtama uliopangwa vizuri, asali ya Mbeere ndani ya chupa, na watoto wa shule wakipita kwa mistari. Picha hiyo si mbaya. Maonyesho ya dunia ni jambo hilo hilo lililokuzwa sana, hata wanaoshindana si wakulima wa tarafa mbili bali mataifa, na uwanja wake huwa mkubwa kama mji. Yafaa kujifunza jinsi yanavyoandaliwa, yanavyogharimu, na yanayobaki wageni wakiisha kwenda zao.

Chanzo chake

Maonyesho ya kwanza ya namna hii yalifanywa London mwaka 1851, katika bustani ya Hyde Park. Jumba lake lilikuwa la chuma na vioo, nalo lilibuniwa na Joseph Paxton, aliyekuwa mtunza bustani. Waliokwenda kutazama walikuwa zaidi ya milioni sita. Hesabu ilipofungwa ilionekana faida ya pauni 186,000, na fedha hizo zikanunua ardhi ambayo juu yake yalijengwa majumba ya makumbusho na vyuo vinavyotumika mpaka leo. Miji mingine ilipoona hayo ikatamani vivyo hivyo. Paris iliandaa maonyesho mwaka 1889, na kwa ajili yake ukajengwa mnara wa Eiffel. Mnara huo uliruhusiwa kusimama miaka 20 tu, lakini uliachwa kwa sababu ulifaa kwa mitambo ya simu ya upepo.

Jinsi mji unavyochaguliwa

Kwa kuwa miji ilizidi kushindana, mataifa yalitia sahihi mapatano huko Paris mwaka 1928, ikaanzishwa ofisi ya kusimamia maonyesho hayo. Maonyesho makubwa hufanywa kila baada ya miaka mitano, nayo hayazidi miezi sita. Nchi inayotaka kuandaa hupeleka maombi, wakaguzi huja kutazama, kisha wajumbe hupiga kura. Kila nchi mwanachama ina kura moja tu, kubwa na ndogo sawasawa.

Mfano ulio karibu na watu wa Afrika ya Mashariki ni Dubai, mji wa Ghuba ambao wafanya biashara wa pwani wameujua tangu zamani za majahazi. Dubai ilichaguliwa tarehe 27 Novemba 2013, ikaushinda mji wa Yekaterinburg wa Urusi kwa kura 116 dhidi ya 47. Ikapewa karibu miaka saba ya kujitayarisha. Jangwani palipimwa uwanja wa hekta 438, yaani zaidi ya ekari 1,000, na reli ya mji ikarefushwa kwa kilometa 15 ili ifike huko. Maonyesho yalikuwa yaanze Oktoba 2020, lakini ugonjwa wa korona ukazuia, yakaahirishwa mwaka mzima. Yalifunguliwa tarehe 1 Oktoba 2021, yakafungwa tarehe 31 Machi 2022. Mataifa 192 yalishiriki, Kenya na Tanzania zikiwa miongoni mwao, na waliopita milangoni walihesabiwa kuwa milioni 24.

Gharama na hasara

Si kila mji hupata faida kama London. Maonyesho ya Dola ya Kiingereza yaliyofanywa Wembley mwaka 1924 na 1925, ambamo Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja zilionyesha mazao yao, yalimalizika kwa hasara. Mwaka 1984 waandaaji wa New Orleans, Marekani, walifilisika kabla maonyesho yao hayajafungwa. Mwaka 2000 mji wa Hannover, Ujerumani, ulitazamia wageni milioni 40, wakaja kama milioni 18 tu. Sababu ya hasara hizo ni rahisi kueleweka. Barabara, mabanda na nyumba za wageni lazima zijengwe kwanza, bali fedha za viingilio huja baadaye. Na idadi ya wageni hukisiwa tu, kama mkulima anavyokisia mvua. Aliyelima shamba kubwa kwa mkopo, kisha mvua ikawa haba, haitaji mwalimu wa kumfundisha maana ya hasara hiyo.

Heshima ya watu

Kuna hasara nyingine isiyoandikwa katika daftari la fedha. Mwaka 1897, wakati wa maonyesho ya Brussels, Wakongo 267 walipelekwa Tervuren, karibu na mji huo, wakawekwa katika vijiji vya kuigiza ili watazamwe. Saba kati yao walifia huko. Mwaka 1958 Brussels iliandaa tena maonyesho, na tena Wakongo, wengi wao mafundi wa kazi za mikono, wakawekwa katika kijiji chenye ua. Baadhi ya watazamaji waliwatupia ndizi kana kwamba ni wanyama. Wakongo wale hawakukubali kudharauliwa. Walirudi kwao kabla maonyesho hayajaisha.

Miaka tisa tu baadaye, katika maonyesho ya Montreal ya mwaka 1967, Kenya, Uganda na Tanzania zilikuja kama mataifa huru, zikipanga zenyewe mambo ya kuonyeshwa katika sehemu ya Afrika. Tofauti ni kubwa kati ya mtu anayeonyesha kazi yake na mtu anayeonyeshwa yeye mwenyewe. Heshima hiyo yawahusu pia wajenzi. Huko Dubai waandaaji walikiri kwamba kazi ya ujenzi iliwaua wafanyakazi, na wengi wa wafanyakazi wa nchi ile ni wageni waliokwenda kutafuta riziki, kama wanavyokwenda vijana wa Afrika ya Mashariki.

Mgeni mpe jembe

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Usemi huu wafaa majumba kama unavyofaa watu. Jumba lililojengwa kwa miezi sita lazima lipewe jembe mwezi wa saba, ama sivyo litakula bila kulima. Uwanja wa Dubai uligeuzwa kuwa mtaa wa kukaa na kufanyia kazi, na mwishoni mwa mwaka 2023 ulipokea mkutano wa mataifa juu ya hali ya hewa.

Hata leo hapana mji wa Afrika uliokwisha kuandaa maonyesho makubwa yanayosimamiwa na ofisi ya Paris. Yale ya mwaka 2030 yamepewa Riyadh. Lakini Nairobi imekwisha kupokea mikutano na michezo mikubwa. Jumba la Mikutano la Kenyatta lilimalizika mwaka 1973, likapokea mkutano wa Benki ya Dunia mwaka huo huo, nalo latumika bado. Uwanja wa Kasarani, uliojengwa kwa Michezo ya Afrika ya mwaka 1987, wachezewa mpaka sasa.

Watu wa Gachoka wana mizani yao ya kupimia mambo kama hayo. Katika mto Tana, karibu nao, yalijengwa mabwawa ya Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988). Familia nyingi zilihama ili maji yapate mahali, na umeme ukaenda mijini kwa miaka mingi kabla ya kufika katika nyumba za majirani wa mabwawa. Kwa hiyo wao huuliza maswali matatu, na maswali hayo yangefaa kuulizwa na mji wowote unaotaka kuukaribisha ulimwengu: Ardhi ni ya nani, naye amelipwa nini? Gharama ikizidi, atailipa nani? Wageni wakiisha kuondoka, ni nani atakayeshika jembe?

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini maonyesho ya London ya mwaka 1851 yalileta faida, bali Hannover ikapungukiwa?
2. Eleza tofauti kati ya Wakongo wa Brussels mwaka 1958 na Waafrika wa Mashariki waliokuwa Montreal mwaka 1967.
3. Taja jengo moja katika wilaya yako lililojengwa kwa sherehe au mradi. Je, limepewa jembe?