Tawi Lizaalo Nalo Hukatwa

Katika sura ya 15 ya Injili ya Mtakatifu Yoane, Bwana wetu Yezu Kristu ajiita mzabibu, na Babaye ndiye mkulima. Tawi lisilozaa huondolewa. Hilo kila mtu hulielewa bila kufundishwa. Lakini tawi lizaalo nalo hupitiwa na kisu, na hapo wakatekumeni wengi huuliza: kwa nini mkulima akate kilicho chema? Huku Kivu mzabibu haujulikani sana. Basi tuutazame mti wa kahawa, ambao nao hutoa maua kabla ya matunda.

Ua la kahawa huchanua juu ya kijiti kilichoota mwaka uliopita. Kifundo kilichokwisha kuzaa hakizai tena. Kila mwaka maua husogea kuelekea ncha, na nyuma tawi hubaki tupu. Mti usiokatwa husongamana majani, na mdudu aitwaye antestia, apendaye kichaka kizito, hupata makao humo na kuziharibu buni. Tena mti uliobeba kupita nguvu zake hukaukiwa na matawi: mwaka huu kapu limejaa, mwaka ujao halina kitu. Ndiyo sababu hukatwa hata tawi lenye uzima.

Wakati wake ni kiangazi cha mwezi wa 6 hadi wa 8, mavuno yakiisha. Mvua za Septemba huyaamsha maua. Mwenye kungoja mpaka hapo, kisha akakata vijiti vichanga, ayakata mavuno yake mwenyewe. (Waridi na hibiskusi zilizo mbele ya kanisa zina desturi nyingine. Ua lake huchanua juu ya chipukizi jipya, nazo zaweza kukatwa mwishoni mwa kiangazi bila hasara. Kabla ya kushika mkasi, tazama ua linakaa wapi.)

Anza na vilivyokauka na vyenye ugonjwa. Halafu ondoa machipukizi ya wima yasiyohitajiwa, mpaka mwanga uingie katikati. Tawi la ubavuni likikatwa karibu na shina haliti tena mahali pale, fikiri kwanza. Shina ni kinyume: mti mzee ukikatwa kwa mshazari, kadiri ya sentimita 30 au 40 juu ya udongo, hutoa machipukizi mengi. Chagua mawili au matatu yenye nguvu, ondoa mengine. Mwaka huo hutavuna, na majirani watacheka. Panga butu lisitumike, maana hupasua gome, na jeraha huoza.

Mkatekumeni aliyeacha uchawi na ulevi amekatwa matawi makavu. Lakini Mungu aweza kumwomba pia jambo jema: saa yake ya kupumzika, ili amtembelee mgonjwa, heshima ya kusema wa kwanza barazani, fedha alizozipata kwa haki. Asidhani kwamba Mungu amemkasirikia. Neno lile la Injili, kwa Kigiriki, maana yake ni kusafisha. Wala tusiseme kwamba kila msiba ni kisu cha Mungu: mtoto akifa kwa homa, usimwambie mama yake hivyo. Yezu anena juu ya matawi yakaayo ndani yake, na kusudi ni matunda.

Maswali ya kuulizana kabla ya somo lijalo: Kifundo cha kahawa huzaa mara ngapi? Kwa nini waridi na kahawa hazikatwi wakati mmoja? Ni tawi gani jema ambalo wewe waogopa likatwe?