Dondoo muhimu: Uhandisi, mshahara na deni la Bodi

Kabla hujajaza fomu ya shahada ya uhandisi, shika kalkuleta. Tanzania, mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi wa aliyesoma kwa mkopo na kuipeleka Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Tuseme unadaiwa shilingi milioni 16 na mshahara wa msingi ni milioni 1: zinaondoka 150,000 kila mwezi, kwa karibu miaka 9. Kodi na mfuko wa pensheni navyo vinakusubiri kwenye slipu hiyo hiyo ya mshahara.

Deni lenyewe halivimbi kama zamani, maana tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021. Kwa hiyo akiba ya kwanza ilipe chumba na buti za saiti. Kumaliza mkopo mapema kunaweza kusubiri.

Usipige hesabu kwa mshahara wa yule mhandisi uliyemwona akishuka kwenye Prado. Masomo ni miaka 4, kisha mafunzo ya vitendo ya miaka 3 kuelekea usajili wa mhandisi mtaalamu. Posho ya kipindi hicho ndiyo ya kuulizia, tena mapema.

Umejiajiri? Bado unadaiwa. Kaombe mwenyewe namba ya malipo kwa Bodi.